Nukta Isiyosogea

Anselmo, nukta yako haijasogea
tangu saa nne usiku.
Ilikuwa kijani, ikawa njano, sasa nyekundu,
kama jipu kwenye shavu la ramani,
na mimi ndiye ninayelipwa kulitumbua.

Uspallata, kilomita mia na kitu kutoka kiti changu,
mahali ninapopajua kwa hesabu tu:
maegesho ya pili, nafasi sitini,
choo kimoja, mashine ya kahawa
(imekufa, ulisema).
Nyuma yako tani ishirini na sita za vitunguu saumu,
mbele yako mlima,
na ng'ambo ya mlima, meli
isiyomjua yeyote kati yetu.

Nilianza kwa adabu. Nikakuandikia:
"Habari za usiku, dereva. Tunaomba saa ya kuondoka."
Ukajibu: "Theluji."
"Barabara bado haijafungwa rasmi."
"Mimi nimejifunga rasmi."

Bwana Echenique akaja kusimama nyuma yangu,
koti begani, harufu ya sabuni ya hoteli.
"Mwambie mkataba."
Nikakwambia mkataba.
"Mwambie faini ya bandari."
Nikakwambia faini.
"Mwambie kuna kijana San Rafael anaililia hiyo nafasi."
Hapo nilisita.
Kisha vidole vikaandika,
maana vidole vyangu navyo hulipa kodi ya nyumba.

Dakika kumi na moja, kimya.
Halafu ukapiga simu. Hukugomba.
Nilitamani ugombe;
mtu akigomba kuna kitufe cha kurekodi.
Ulisema tu: "Mireya, fungua dirisha."
Nikasema hapa ni ghorofa ya tatu, halifunguki.
"Basi sikiliza la kwangu."
Ukashusha kioo,
upepo ukaniingia sikioni
kama mtu anayeburuta mabati usiku kucha
asipate pa kuyatua.

Ukapandisha kioo. Ukasema polepole:
"Baltasar Ruffini aliondoka na upepo kama huu.
Walipomfikia, saa ya lori ilionyesha
kwamba hajachelewa."

Namkumbuka Ruffini.
Kwenye mfumo wetu hakufa,
aliondolewa kwenye orodha.
Aliyemwondoa ni mimi. Mibonyezo miwili,
na kompyuta ikaniuliza kwa upole:
Una hakika?

Echenique akaninyang'anya simu.
"Washa lori! Ufunguo uko wapi?"
"Uko ndani ya kibuyu changu cha chai, bwana,
chini ya majani. Maji bado ya moto.
Njoo uuchote kwa mkono wako."

Sikucheka. Nilitazama ramani,
maana hapo jirani yako
nukta nyingine nne za kampuni
zilikuwa zinageuka, moja,
nyingine,
kisha mbili kwa pamoja,
nyekundu.
Sijui mliambizana kwa redio
au kwa kumulikiana taa.

Bwana mkubwa alitoka kwenda kumpigia bwana mkubwa wake.
Nilimsikia ukumbini akisema "ndiyo", "ndiyo",
"naelewa", "ndiyo",
sauti imepungua kimo.
Kumbe naye ana ramani anayoonekana.

Nikabaki na fomu.
Sababu ya kuchelewa, chagua moja:
tairi, mafuta, forodha, uzembe wa dereva.
Theluji haimo. Ruffini hamo.
Wala hakuna mahali pa kuandika
kwamba mwenye macho haambiwi tazama,
na mwenye macho ni wewe, si sisi.
Nikakiacha kisanduku wazi.
Nacho kikawaka chekundu.

Saa kumi alfajiri, nikachukua simu yangu mwenyewe,
ile isiyorekodiwa,
nikakuandikia neno moja: "Lala."

Ukajibu: "Blanketi lote linanuka vitunguu."

Mpaka sasa sijui
kama yalikuwa malalamiko
au ulikuwa unanishukuru.